Uzi: Miaka mia moja ya kuhimizwa tufundishe mikono. Elimu ya Uganda inamwandaa mtoto kwa lipi?

Mwalimu_Masindi (mleta uzi)

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Masindi. Nimeona nifungue uzi huu kwa sababu tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze Februari 2020, na hasa tangu watahiniwa wake wa kwanza wafanye mtihani wa UCE, yaani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2024, kila mkutano wa wazazi na kila kipindi cha redio hurudi kwenye ubishi ule ule: je, shule imfundishe mtoto stadi za kazi au imfundishe vitabu? Upande mmoja unasema nchi imejaa vijana wenye vyeti wasioweza kushika nyundo. Upande wa pili unasema sabuni na mishumaa havijamfikisha mtu chuo kikuu. Kwa maoni yangu swali lenyewe limekaa vibaya, na limekaa vibaya kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones kutoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijijini, yaani kilimo, usafi na kazi za mikono. Makerere yenyewe ilikuwa imefunguliwa miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1922, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Ukiruka hadi 1987 unaikuta Tume ya Senteza Kajubi, iliyotoa ripoti yake mwaka 1989 na kupendekeza kwamba masomo ya kazi yaingizwe tangu shule ya msingi, na Waraka wa Serikali wa 1992 ukalibeba wazo hilo. Sasa tuna mtaala wa 2020 unaodai kila somo limfikishe mwanafunzi kwenye kutenda. Kwa hiyo tumekuwa tukihimizwa kufundisha mikono kwa karne nzima, na kwa karne nzima wazazi wamekuwa wakiitikia kwa heshima mkutanoni, kisha wanarudi nyumbani kutafuta shule inayofaulisha.

Watu wengi, wakiwemo walimu wenzangu, huwalaumu wazazi hao kwa kupenda kazi za ofisini. Mimi nasema wazazi walikataa kwa akili timamu. Chuo cha King's, Budo, kilifunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya wana wa machifu, nao hawakuingizwa humo ili wakajifunze kulima. Mkulima wa Buganda au Busoga aliona kwa macho yake kwamba mtoto wa mkubwa anapewa kitabu, wake yeye anasifiwa jembe. Aliona pia kwamba pamba aliyoilima ilichambuliwa katika viwanda visivyokuwa vyake na kununuliwa kwa bei aliyopangiwa na watu wengine. Ghasia za 1949 zilipozuka Buganda, miongoni mwa madai yaliyotolewa ni kwamba wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe. Elimu ya jembe iliyoshauriwa mwaka 1924 ingeweza kumfundisha mtoto kupanda pamba kwa mistari iliyonyooka, lakini haikukusudiwa imfikishe kwenye swali la kwa nini kiwanda si chetu.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kazi ya mikono shuleni huwa elimu pale inapomzalia mtoto swali, na shule ikakubali kulifuata swali hilo hadi linakokwenda, hata kama ni nje ya karakana au shamba. Kitabu nacho ni hivyo hivyo. Kisipozaa swali, mtoto amebeba tu maneno ya mtu mwingine.

John Dewey, ambaye jina lake hutajwa sana vyuoni kwetu kama mtetezi wa kujifunza kwa kutenda, alianzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Katika mihadhara yake ya 1899 alieleza jinsi watoto wa shule hiyo walivyopewa pamba mbichi na manyoya ya kondoo wavitengeneze kuwa nyuzi. Kikundi kimoja cha watoto kilikaa nusu saa nzima kikitenganisha nyuzi za pamba na mbegu kwa vidole, na kilichopatikana hakikufika wakia moja. Kutokana na uchovu ule wa vidole watoto wakaelewa kwa nini watu wa zamani walivaa sufu kwa muda mrefu kabla ya pamba kuenea, na kwa nini mashine ya kuchambua pamba ilibadili biashara ya dunia. Hakuna aliyetarajia watoto wale wawe wachambuzi wa pamba. Dewey mwenyewe alipinga waziwazi mpango wa kuwatenga watoto wa wafanyakazi katika shule za kazi peke yao. Mikono ilikuwa mlango wa kuingilia historia, jiografia na fizikia. Sisi ambao babu zetu waliilima pamba hiyo Busoga, Teso na Lango hatujawahi kuifundisha hivyo.

Sasa nije kwenye sabuni ya maji, ambayo imekuwa mradi wa shule nyingi mno. Wanafunzi wa kidato cha pili huchangishana fedha, hununua ungaroli (ile malighafi ya sabuni yenye kutoa povu), rangi, manukato na chumvi, kisha husimama kuzunguka beseni huku mmoja anakoroga. Chumvi huongezwa kidogo kidogo na mchanganyiko huzidi kuwa mzito. Siku moja nilikuwapo mwanafunzi alipoongeza konzi mbili zaidi ya kipimo kilichoandikwa ubaoni, na sabuni yote ikalegea ikawa majimaji. Msichana aliyekuwa anakoroga akauliza inakuwaje kitu kilichoifanya nzito ndicho kinachoifanya iwe nyepesi. Mwalimu wa zamu, ambaye naye alikuwa amepewa karatasi ya vipimo peke yake, alimwambia afuate vipimo. Jibu lipo katika kemia: chembe za sabuni majini hujikusanya katika makundi, chumvi kiasi huyafanya makundi hayo yarefuke na kusokotana, na chumvi ikizidi umbo lake hubadilika na uzito ule hupotea. Siku ile shule ilipata sabuni ya kuoshea vyombo baada ya kununua ungaroli nyingine, lakini swali bora lililowahi kuulizwa muhula ule lilimwagwa pamoja na beseni la kwanza.

Naomba michango yenu, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

---

Mama_Busia

Mwalimu, nakushukuru kwa maandishi yako, na hasa kwa kutotuita wajinga sisi wazazi. Hata hivyo naona umesimama mbali na mlango ambako ada hulipiwa. Mimi nauza dagaa hapa mpakani. Shule zilipofungwa Machi 2020 zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022, watoto wangu watatu walikuwa nami sokoni. Walijifunza kupokea shilingi ya Kenya na kurudisha chenji ya Uganda bila kugusa kikokotoo, na walijua kwa kunusa ni gunia lipi limeshika unyevu. Hizo ni stadi, tena za kweli. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeniambia kwamba anataka kubaki pale, nami sikumshauri yeyote abaki, kwa sababu biashara hii naijua vizuri kuliko wanaoisifu redioni.

Unasema elimu ni swali. Sawa. Mwanangu yuko Darasa la Saba, na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina karatasi nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Akipata divisheni ya kwanza atapokewa shule yenye maabara na walimu wanaoingia darasani. Akipata ya tatu atapokewa kule ambako hata huyo mwalimu wa karatasi ya vipimo hayupo. Siku ya matokeo hakuna anayemwuliza mtoto amejiuliza maswali mangapi. Kwa hiyo nikiwa na fedha ya masomo ya ziada ya jioni nalipia, na nikiwa sina nakopa. Niambie Mwalimu, je, kwa kufanya hivyo nakosea katika elimu ya mwanangu, au nafanya kile ambacho nchi imenipangia?

---

Fundi_wa_Jinja

Nimefundisha useremala katika chuo cha ufundi na baadaye katika karakana yangu mwenyewe, na nimechoka kusikia mikono ikisemwa kama adhabu ya walioshindwa darasani, jambo ambalo hata wanaotutetea hulifanya. Mwalimu umekaribia ukweli lakini umeuangalia kutoka upande wa darasa. Umesema mikono ni mlango wa kuingilia sayansi, kana kwamba yenyewe haina ndani.

Mwanagenzi anapokuja kwangu, miezi ya mwanzo anapanga mbao, anapiga randa na kufagia takataka. Baadaye anatengeneza mlango wake wa kwanza. Huutengeneza kiangazi, unafunga vizuri, mteja anafurahi. Mvua za Machi zikianza, mteja anarudi akisema mlango umekwama. Pale ndipo ninapomketisha na kumpa vipande viwili vya mvule, kimoja kimekatwa kwa urefu wa nyuzi na kingine kwa upana wake, apime, avilaze mahali penye unyevu, kisha apime tena. Anagundua mwenyewe kwamba ubao hutanuka sana kwa upana na karibu hautanuki kabisa kwa urefu. Kuanzia hapo anaelewa kwa nini wazee walitengeneza mlango wa fremu na kuuacha ubao wa katikati ukae huru ndani ya mfereji bila kuupiga gundi wala msumari. Hajawahi kuandika mtihani juu ya jambo hilo na hatalisahau hadi kufa.

Nataka kusema kwamba katika karakana nzuri swali haliletwi na mwalimu wala halisubiri mwanafunzi hodari. Mbao yenyewe huliuliza, na halina njia ya kudanganywa. Hasara ya shule nyingi zilizoanzisha miradi ni kwamba mradi hufanywa mara moja, unapigwa picha, unapewa alama, basi. Hakuna mteja anayerudi wakati wa mvua. Mwanafunzi haoni kazi yake ikishindwa, hivyo hana cha kuuliza.

---

Mwalimu_Masindi

Fundi, umenirekebisha pazuri. Nilikuwa nimeiweka kazi kama ngazi ya kupandia kwenye masomo, nawe umeonyesha kwamba kazi yenye kudumu huwa na fikra zake ndani yake. Sharti la mradi urudi ukiwa umeshindwa nimelichukua, na nitalipeleka kwa wenzangu: sabuni ile itumike jikoni muhula mzima na wanafunzi hao hao wapokee malalamiko ya wapishi.

Mama wa Busia, sidhani unakosea. Mtoto anapochaguliwa kwa karatasi nne, mzazi anayezitilia mkazo anamlinda mwanawe. Ninachokataa ni kuyaita masomo hayo ya jioni elimu kamili, kisha tukaacha kuidai ile nyingine. Halafu umesema jambo moja nadhani hukulitilia uzito. Watoto wako walirudisha chenji kwa fedha mbili. Je, yupo aliyeuliza kwa nini shilingi ya Kenya moja hununua shilingi nyingi za Uganda, na kwa nini kiwango hicho hubadilika? Swali hilo lina hisabati ya uwiano na lina uchumi wa mpakani ambao Waziri wa Fedha mwenyewe hujiuliza. Walikuwa nalo mkononi kila asubuhi. Waliporudi shuleni Januari 2022, nina hakika walipewa zoezi la uwiano linalohusu machungwa.

---

Mstaafu_Soroti

Niliongoza shule za msingi na sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naomba nizungumze kwa ajili ya mtihani, kwa kuwa naona hapa umekosa wakili.

Mwalimu ametaja Budo na wana wa machifu. Ni kweli. Lakini ni nini kilichomwezesha mtoto asiye wa chifu kuingia katika shule kama hizo baadaye? Ni mtihani. Karatasi haina jina la baba, ina namba. Mtoto wa mchungaji wa ng'ombe kutoka Karamoja na mtoto wa waziri huandika maswali yale yale siku ile ile, na anayesahihisha hawajui. Ondoeni mtihani, na nafasi zitagawiwa kwa simu. Mnaosema mtihani unaua elimu mwangalie kwanza ni kitu gani kitachukua mahali pake.

Pia mkumbuke Mwalimu Nyerere, ambaye alisomea ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alisema shule ya msingi isiwe maandalizi ya sekondari tu bali iwe elimu iliyokamilika yenyewe, shule ziwe na mashamba, na mitihani ishushwe hadhi mbele ya serikali na wananchi. Hakuna kiongozi wa Afrika aliyeandika kwa uwazi zaidi juu ya kusudi la elimu, na alikuwa na mamlaka ya kutekeleza. Shule za Tanzania zililima. Lakini mtihani wa Darasa la Saba ulibaki, kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache na ilibidi wachache wachaguliwe, na watoto wengi walilikumbuka shamba la shule kama kazi ya kulazimishwa. Ikiwa yeye hakuweza, mtaala wa Kampala utaweza?

La mwisho ni hesabu. UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Nilikuwa na darasa la kwanza chini ya mwembe kwa sababu vyumba havikutosha. Darasa la watoto mia moja halifuati swali la mtoto mmoja. Lingekuwa jambo zuri, lakini watoto tisini na tisa wangekuwa wanapigana nyuma.

---

Ustadhi_Arua

Nawafuatilia kwa makini. Naona mmegawanyika kati ya kazi na cheti, na Mwalimu ameleta swali kama njia ya tatu. Naomba nikumbushe kwamba elimu ya kusoma na kuandika iliingia nchini humu bila kusudi lolote kati ya hayo. Ahmed bin Ibrahim alifika ikulu ya Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, na waliofundishwa herufi za Kiarabu walifundishwa ili wamjue Mola wao. Wamishonari wa Kiingereza walipofika 1877, nao Mapadri Weupe wa Kikatoliki 1879, walikuta ikuluni watu wanaojua Kiswahili, na mafundisho ya mwanzo yalipitia lugha hii hii tunayoiandika hapa. Vijana wa ikulu walisoma wakijua kwamba kusoma kunaweza kuwagharimu uhai, na mwaka 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo. Hakuna mtu anayekubali kufa kwa ajili ya divisheni ya kwanza.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimwandikia mwanafunzi wake kwamba elimu bila matendo ni wazimu, na matendo bila elimu hayawi. Kwake matendo hayo hayakuwa ufundi, bali mtu anavyoishi na Mungu na jirani zake. Mnataka mtoto aulize. Mimi nauliza aulize ili awe nani? Nimewaona vijana hodari wa kuuliza na kujibu ambao leo wanatumia uhodari huo kuiba dawa za zahanati. Kama shule haimlei mtoto katika adabu na amana, swali litakuwa panga mkononi mwa asiye na malezi.

---

Mwalimu_Masindi

Nianze na Mzee wa Soroti, kwa kuwa amenibana zaidi. Nakubali kabisa kwamba mtihani ulio sawa kwa wote umewainua watoto wa maskini, na sitaki uondolewe. Ila mtihani unaweza kuwa wa haki na bado ukauliza mambo yasiyofaa kuulizwa. Nimesahihisha Historia kwa mfumo wa zamani. Swali lilisema: eleza sababu za jambo fulani. Mwongozo ulikuwa na orodha ya hoja, na kila hoja iliyolingana ilipata alama yake. Mwanafunzi aliyekariri hoja kumi bila kuelewa hata moja alimshinda yule aliyechukua hoja mbili akazipima ipi ilikuwa na nguvu zaidi. Namba badala ya jina haiondoi kasoro hiyo. Katika mfumo mpya, asilimia 20 hutoka katika kazi za shuleni na asilimia 80 katika mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, na maswali huja na hali ya maisha ambayo mtahiniwa lazima aitatue. Naona hiyo ni hatua ya kweli, na naitetea kila ninapoweza. Lakini tayari vitabu vya majibu ya mfano vinauzwa, na nimeanza kusoma insha za wanafunzi wa wilaya tofauti zenye utangulizi unaofanana neno kwa neno. Ikiwa watunga maswali hawatakuwa wepesi kuliko wauza majibu, tutarudi tulikotoka na mtaala mpya mkononi.

Kuhusu Mwalimu Nyerere, mimi nasoma funzo tofauti. Aliona sawasawa kwamba kila ngazi ya elimu inapaswa kutosha yenyewe. Alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba, wapime faida na hasara, wajaribu mbegu na mbolea na kulinganisha matokeo. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha uamuzi. Mtoto aliyepewa jembe tu alijifunza kuchukia jembe. Kwa hiyo sisemi aliyoyataka yalijaribiwa yakashindwa. Ile sehemu yenye elimu ndani yake haikujaribiwa ipasavyo.

Na wingi wa wanafunzi, Mzee, ni kikwazo kikubwa, na sitaki kukipunguza kwa maneno. Nasema tu kwamba darasa la mia linaweza kupewa swali moja kwa wiki badala ya maswali mia. Mwaka 1963 mwelimishaji Mbrazili Paulo Freire na wenzake walikwenda Angicos, mji maskini wa kaskazini mashariki mwa Brazili, wakafundisha kusoma watu wazima wapatao 300 kwa vikundi, wakianzia na maneno ya kazi na maisha yao wenyewe na kuyajadili kabla ya kuyaandika.  Walichohitaji kwanza ni kuamini kwamba asiyejua kusoma anajua mambo mengine. Mwaka uliofuata wanajeshi walipotwaa serikali, Freire alifungwa kisha akaenda uhamishoni. Watawala wale hawakuwa na hofu na herufi, kwani herufi hufundishwa kila mahali. Walihofia mjadala uliokuja kabla ya herufi.

Ustadhi, hoja yako ni nzito na sina jibu linaloimaliza. Nakubali kwamba kuuliza peke yake hakumfanyi mtu awe mwema. Lakini yule kijana wa zahanati hakukosa kufundishwa kwamba kuiba ni dhambi, maana alilisikia hilo nyumbani, msikitini au kanisani, na shuleni. Nadhani alikuwa amezoea miaka yote kutenda kinachopimwa na kuacha kisichopimwa. Shule iliyomfundisha kwamba jibu ni lile linalopata alama ilimfundisha adabu yake pia, adabu ya kuangalia nani anasahihisha. Malezi ninayoyatamani huanza pale mwalimu anapokiri mbele ya darasa kwamba jambo fulani halijui na watalitafuta pamoja. Mtoto anayeuona ukweli ukiheshimiwa namna hiyo hujifunza amana bila kuhubiriwa.

---

Mwalimu_wa_Msingi_Kasese

Naongeza jambo moja tu, kwa sababu nafundisha wadogo. Mtaala wa mada ulioanza 2007 unasema darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na darasa la nne wavuke kuingia Kiingereza. Shule nyingi za binafsi hazifuati, na wazazi huzisifu kwa hilo. Zipo hata shule ambapo mtoto akiteleza akasema lugha ya nyumbani huvalishwa kibao shingoni, naye hutafuta mwingine wa kumkabidhi kabla ya jioni.

Katika darasa langu la Lukonzo, lugha ya huku kwetu, watoto huuliza mpaka nachoka: mvua inatoka wapi ikiwa Rwenzori juu ni barafu, mbona nyoka hana miguu. Watoto hao hao nikiwakuta darasa la tano hawaulizi kitu. Hawajapungukiwa akili katika miaka miwili. Wanaogopa kukosea Kiingereza mbele ya wenzao, na swali lina sarufi ngumu kuliko jibu, kwa maana jibu unaweza kulipa kwa neno moja. Mwalimu_Masindi, ukitaka mtoto wako wa kidato cha pili aulize juu ya chumvi, anza kupigania haki yake ya kuuliza akiwa darasa la nne kwa lugha yoyote aliyo nayo, hata kama ni Kiswahili kilichochanganyika.

---

Fundi_wa_Jinja

Naunga mkono. Karakana yangu ina Wasoga, Wateso na Wanyarwanda. Tunatumia Kiswahili cha mtaani na vidole, na hakuna anayeona haya kuuliza.

---

Mama_Busia

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mwalimu wa Kasese amenigusa, kwa sababu mwanangu wa mwisho aliwahi kurudi nyumbani na kibao hicho, nami nilicheka nikidhani ni mchezo wa watoto. Nauliza swali la mzazi: Jumapili ya kutembelea wanafunzi nitakaa na mwanangu saa mbili tu, nikiwa na chapati na kuku wake. Nitajuaje kama pale panafundishwa au panakaririshwa? Ripoti inaonyesha alama peke yake.

---

Mwalimu_Masindi

Mwombe akuonyeshe madaftari yake, Mama, na usianze na alama nyekundu. Tafuta ukurasa wowote wenye sentensi ambazo ni zake mwenyewe, zilizokosewa na kusahihishwa, ambazo huzikuti katika daftari la rafiki yake. Ukiona madaftari ya watoto wawili yanafanana toka jalada hadi jalada, wananakili ubao. Kisha mwulize ni jambo gani darasani lilimshangaza muhula huu, na umwache ajibu kwa lugha anayotaka. Akiwa nalo, mwulize mwalimu alisema nini alipoliuliza. Na kama mwalimu wake yupo uwanjani, msalimie na umwambie mwanao anajua kubadilisha fedha za nchi mbili. Walimu wengi hawajui watoto wanakuja na nini kutoka nyumbani, kwa sababu hatuna siku iliyotengwa ya sisi kuwatembelea wazazi.

---

Mama_Busia

Nitafanya hivyo. Masomo ya jioni nitaendelea kuyalipia hadi PLE ipite, na nadhani unanielewa. Lakini kuhusu kile kibao cha mdogo wake nitamwona mwalimu mkuu, na nitakwenda na wazazi wengine wa sokoni, kwa kuwa nikienda peke yangu ataniuliza kwanza salio la ada.

---

Mstaafu_Soroti

Nendeni na mwenyekiti wa kamati ya shule, Mama. Barua ya malalamiko iandikwe, nakala ipelekwe kwa afisa elimu wa wilaya, na mbaki na nakala yenu iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Nilikuwa mwalimu mkuu, na barua yenye muhuri niliijibu kila mara.